Joto linalopotea viwandani Lubumbashi na krediti za kaboni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mainjinia, wahasibu na wakuu wa viwanda vya Katanga ya Juu na Lualaba: viwanda vya asidi, vya kuyeyusha shaba, vya chokaa, na migodi inayoendesha jenereta za mazutu (dizeli) mchana na usiku. Krediti moja ya kaboni ni hati inayouzwa, ya tani moja ya hewa ya ukaa iliyozuiwa kutoka.

Joto linalopotea ni lipi hasa?

Ni joto ambalo mmekwisha kulilipia, likawafanyia kazi yake, kisha likaachwa liende zake kupitia dohani, mnara wa kupozea au rejeta. Moshi wa jenereta kubwa hutoka ukiwa na nyuzi 450 hadi 500. Gesi ya tanuru la salfa hufika nyuzi 1,000 na zaidi. Maji ya kupozea injini huzunguka kwenye nyuzi 85 hadi 90. Haya matatu yote huitwa joto linalopotea, ila thamani zao hazilingani. La kwanza na la pili linatengeneza mvuke. La tatu linapasha maji tu. Anayewaahidi umeme wa maana kutoka kwenye maji ya nyuzi 90, mwambieni awaonyeshe kwanza mtambo wake mwingine unaofanya kazi.

Hapa kwetu linapatikana wapi kwa wingi?

Kwanza kwenye viwanda vya asidi. Madini ya oksidi ya shaba na kobalti huyeyushwa kwa asidi ya sulfuriki, na salfa nyingi inayoingia kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa huishia kuchomwa humu humu nchini. Kutoka salfa hadi asidi, kila tani ya asidi huachilia joto la takriban gigajouli 5.4. Hicho ni kiasi kikubwa, na sehemu yake nzuri inaweza kushikwa kama mvuke wa shinikizo la juu: tani 1.2 hivi za mvuke kwa kila tani ya asidi.

Baada ya hapo kuna matanuru ya kuyeyushia shaba, majenereta ya migodini, na matanuru ya chokaa. Boila za zamani zisizo na kipasha maji nazo zimo, hata kama hakuna anayezizungumzia.

Je, kila joto tunaloliokoa linatoa krediti?

Hapana, na hapa ndipo miradi mingi huanguka kabla ya kusimama. Krediti haitolewi kwa sababu ya joto. Hutolewa kwa hewa ya ukaa ambayo ingetoka na sasa haitoki. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mvuke huu au umeme huu unachukua nafasi ya kitu gani? Ukichukua nafasi ya mazutu, hesabu ipo. Ukichukua nafasi ya umeme wa maji yanayoanguka kwenye mabwawa ya Nseke au Mwadingusha, hesabu inakaribia sifuri.

Lakini mshauri alituletea hesabu kubwa kwa umeme wa gridi. Amekosea?

Muulizeni gridi ipi. Umeme wa Kongo karibu wote ni wa maji: Inga, Nzilo, Nseke, Koni, Mwadingusha. Ukichora mpaka wa gridi kuzunguka nchi peke yake, megawati-saa moja unayookoa haina hewa ya ukaa ya kuhesabika. Lakini SNEL, shirika la umeme la taifa, imeunganishwa na mtandao wa nchi za kusini mwa Afrika, SAPP, na ndani yake makaa ya mawe ya Afrika Kusini yana uzito mkubwa. Mfumo wa zamani wa krediti wa Umoja wa Mataifa, CDM, uliwahi kuidhinisha kigezo cha pamoja cha mtandao huo, yaani kiasi cha hewa ya ukaa kwa kila megawati-saa, na kigezo hicho kilikuwa juu sana kuliko cha Kongo peke yake.

Vigezo vya aina hiyo vina tarehe ya kwisha, na kila kiwango, yaani kila mfumo unaotoa krediti, kina kanuni zake za kuchora mpaka. Mshauri aandike mambo matatu kwenye ukurasa wa kwanza: mpaka gani, kigezo kipi, halali hadi lini. Bila hayo matatu, mkataba usisainiwe. Ushauri wetu ni kupiga hesabu ya mradi mkichukulia kwamba gridi ni sifuri. Mkipewa zaidi, ni faida.

Basi tunahesabu nini?

Mazutu. Viwanda vingi hapa vina vyanzo viwili, SNEL na majenereta ya kujazia wakati wa delestaji (umeme unapokatwa kwa mgao). Megawati-saa zinazochukua nafasi ya jenereta ndizo zenye krediti, na mtazithibitisha kwa daftari la saa za jenereta, risiti za mazutu na usomaji wa mita. Kiwanda kisicho na daftari la saa za jenereta la miaka iliyopita hakina mradi wa kaboni bado. Kianze kuliandika leo.

Hesabu ya haraka ya kufanyia mezani ni ipi?

Lita moja ya mazutu ikiungua hutoa kilo 2.68 za hewa ya ukaa. Jenereta nzuri hula lita 0.26 hivi kwa kilowati-saa, kwa hiyo kilowati-saa moja ya jenereta ni kama kilo 0.7.

Kwa mvuke: kutoa tani moja ya mvuke wa bar 10 kutoka maji ya nyuzi 80, boila ya mazutu yenye ufanisi wa asilimia 85 hutumia lita 80. Hizo ni kilo 214 za hewa ya ukaa. Kariri namba hizo mbili, lita 80 na kilo 214. Zitakusaidia kwenye kikao chochote.

Tupeni mfano kamili.

Kiwanda cha asidi cha tani 300 kwa siku, kinachochoma salfa. Mvuke ni tani 360 kwa siku, yaani tani 15 kwa saa. Turbini ya kondensa inayokula kilo 5 za mvuke kwa kilowati-saa itatoa megawati 3. Ondoa matumizi ya mtambo wenyewe, yaani pampu za maji, feni za mnara na mvuke wa kuyeyushia salfa. Zinabaki megawati 2.5. Kwa saa 7,500 kwa mwaka, ni megawati-saa 18,750.

Mtu mwenye haraka atazidisha zote kwa 0.7 na kutangaza tani 13,125. Daftari la jenereta likionyesha kwamba majenereta yalibeba asilimia 30 tu ya umeme wa kiwanda, megawati-saa zenye krediti ni 5,625, na krediti ni tani 3,900 hivi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo tofauti ya mradi unaopita kwa mhakiki, yaani mkaguzi huru wa hesabu za kaboni, na unaorudishwa.

Sasa tazama upande wa mafuta: megawati-saa 5,625 ni lita 1,460,000 za mazutu ambazo hazikununuliwa.

Kwa hiyo krediti ndizo zitakazolipa turbini?

Kwa mfano huo, chukua dola 5 kwa tani: chini kidogo ya dola 20,000 kwa mwaka. Lita milioni moja na nusu za mazutu zina thamani kubwa mara nyingi zaidi kwa bei yoyote ya Lubumbashi. Kinacholipa mtambo ni mazutu. Krediti ni ya pembeni.

Na hapo pana mtego. Viwango vyote vinadai uziada: uonyeshe kwamba bila mapato ya kaboni mradi usingefanyika. Mradi ukirudisha gharama zake kwa mwaka mmoja kwa mazutu peke yake, mhakiki atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni nini kilichowazuia kuufanya jana. Jibu linaweza kuwepo: benki hazikopeshi kwa muda mrefu, mafundi wa turbini hawapo, kiwanda cha kwanza cha aina hiyo nchini. Ila liwe na karatasi. Barua ya benki iliyokataa mkopo ina uzito kuliko kurasa 10 za maelezo.

Kama hamna jibu la kweli, jengeni mtambo, mle faida ya mazutu, na msahau kaboni. Si aibu. Gharama za uandishi, uhakiki na uthibitisho hufika makumi ya maelfu ya dola, na mradi wa tani mia chache kwa mwaka hautazirudisha.

Kiwanda chetu cha asidi kimekuwa na boila tangu siku ya kwanza. Tunaweza kuiombea krediti?

Hapana. Kwenye kuchoma salfa, boila ni sehemu ya mchakato: gesi lazima ipoe kutoka nyuzi 1,000 hadi 420 hivi kabla ya kuingia kwenye tabaka la kwanza la kichocheo, la sivyo kichocheo kinaungua. Boila ingewekwa tu. Kinachoweza kujadiliwa ni turbini mliyoongeza kwa mvuke uliokuwa ukiachiliwa juu ya paa au kupozwa bure kwenye kondensa.

Ni mbinu ipi ya kuhesabia inatumika?

Kwa miaka mingi zimetumika mbili za CDM: ACM0012 kwa miradi mikubwa, na AMS-III.Q kwa midogo, isiyozidi tani 60,000 kwa mwaka. Viwanda vingi vya hapa vitaingia kwenye ndogo. Angalieni kizuizi kimoja kinachowashtua wenye migodi: ACM0012 haikubali kuzalisha umeme kwa joto la moshi wa jenereta inayofua umeme kwa hatua moja, kama zilivyo jenereta za kawaida za mazutu.

CDM haisajili tena miradi mipya kama zamani. Nafasi yake inachukuliwa na utaratibu wa Ibara ya 6.4 ya Mkataba wa Paris, na mbinu za zamani haziingii humo hadi zipitiwe upya. Kwenye soko la hiari, ambako wanunuzi hawalazimishwi na sheria, mashirika ya viwango Gold Standard na Verra yana orodha zao za miradi inayokubalika na iliyofungiwa. Orodha hizo hutofautisha ukubwa wa mradi, na pia hutofautisha nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, kundi ambalo Kongo imo. Soma orodha hiyo kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Tunathibitishaje kwamba joto lilikuwa linatupwa?

Njia bora ni vipimo vya miaka 3 kabla ya mradi: mtiririko na joto la gesi pale dohani. Wachache wanavyo. Vinginevyo, mizania ya joto ya mtambo, bili za nishati zinazoonyesha kwamba hamkuwahi kulitumia, au michoro ya awali ya mtengenezaji. Mhakiki naye huja kuangalia kwa macho kabla ya kazi kuanza, kwa hiyo msivunje dohani ya zamani mapema. Picha zenye tarehe, bomba la zamani likiwa bado limeshikamana, zina faida.

Kiasi cha krediti pia hufungwa na kile kiwanda kilichokuwa kikitoa zamani. Mkipanua uzalishaji mara mbili, joto la ziada la upanuzi haliingii moja kwa moja.

Mradi unaanza lini kisheria?

Siku mnayosaini mkataba wa kununua kifaa kikuu, au mnapotoa malipo ya kwanza yasiyorudi. Si siku ya kuwasha. Chini ya CDM taarifa ya nia ilipaswa kufika ndani ya siku 180 tangu tarehe hiyo, na kanuni ya kuonyesha kwamba kaboni ilifikiriwa mapema imebaki hai kwingineko. Mkurugenzi aliyesaini mkataba wa boila kwenye maonyesho ya biashara nje ya nchi, akarudi na kukaa kimya mwaka mzima, amekwisha kuufunga mlango. Muhtasari wa kikao cha bodi unaotaja kaboni, uliosainiwa kabla ya manunuzi, uwekwe kwenye faili.

Serikali inaingia wapi?

Kongo iliunda mamlaka ya soko la kaboni, ARMCA, mwaka 2023. Anzeni nayo mapema. Mkitaka kumuuzia mnunuzi anayetumia krediti kutimiza ahadi ya nchi yake chini ya Mkataba wa Paris, mtahitaji idhini rasmi ya nchi, kwa sababu Kongo itabidi ifute tani hizo kwenye hesabu zake yenyewe. Kwenye Ibara ya 6.4, kwa kawaida, asilimia 5 ya krediti huenda kwenye mfuko wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi na asilimia 2 hufutwa kabisa. Ziondoeni kwenye hesabu tangu mwanzo. Muda ni miaka 5 inayoweza kuongezwa mara mbili, au miaka 10 bila kuongezwa.

Lazima tuzalishe umeme?

Hata kidogo, na mara nyingi kutumia joto kama joto ni akili zaidi. Turbini ndogo hupoteza sehemu kubwa ya joto. Kibadilisha joto hupitisha karibu lote. Maji ya elektrolisisi ya shaba yanahitaji nyuzi 45 hadi 50, na kuna viwanda vinavyoyapasha kwa boila ya mazutu huku rejeta za jenereta zikipuliza nyuzi 85 mita 200 kutoka hapo. Kukausha haidroksidi ya kobalti ni kazi nyingine nzuri.

Kuyeyusha salfa nako kunafaa, ila kwa uangalifu. Salfa huyeyuka nyuzi 119, na hufanyiwa kazi kati ya 135 na 145. Ukiipasha kupita 159 inageuka ghafla kuwa nzito kama bukari (ugali), na pampu inasimama. Kwa hiyo mvuke wa kwenye koti la tangi uwe wa bar 4 hivi, usizidi. Mvuke wa bar 10 uliopitishwa moja kwa moja kwa sababu valvu ya kupunguza shinikizo imekwama huwaachia kazi ya siku tatu ya nyundo na jasho.

Mvuke wa maji au mtambo wa kimiminika cha kikaboni?

Joto likiwa juu ya nyuzi 350 na kwa wingi, tumieni mvuke wa maji; mafundi wanaujua. Kati ya 120 na 350, mtambo wa kimiminika cha kikaboni, unaochemsha kimiminika hicho badala ya maji, unafaa, kwa ufanisi wa asilimia 10 hadi 20. Baadhi ya mitambo hiyo hutumia pentani, ambayo inawaka. Nunueni pamoja na mkataba wa matengenezo na vipuri vya miaka 2, kwa sababu kimiminika hicho hakiuzwi mjini.

Nini huharibika mara kwa mara?

Umande wa asidi. Gesi yenye salfa ikigusa chuma baridi, asidi hutonea juu yake na kukila. Kwenye moshi wa mazutu, hatari huanza kati ya nyuzi 120 na 150. Kwenye gesi ya tanuru la shaba huanza juu zaidi ya hapo, hata nyuzi 200. Ndiyo maana boila za matanuru hayo huendeshwa kwa bar 40 hadi 60: maji huchemka nyuzi 250 hadi 276, na ukuta wa bomba haupoi chini ya hapo. Anayepunguza shinikizo ili kupumzisha boila ya zamani anailisha asidi. Kosa hilo hufanyika zaidi wakati wa kuwasha na kuzima, kwa hiyo uzimaji mwingi wa delestaji huua boila kuliko miaka ya kazi.

Bomba linalovuja kwenye boila ya kiwanda cha asidi. Maji yakiingia kwenye gesi hutengeneza asidi hafifu, inayokula chuma vibaya kuliko asidi nzito, na chuma kinacholiwa hutoa haidrojeni. Dalili ya kwanza ni maji ya kujazia kupanda bila mvuke kuongezeka. Msingoje dalili ya pili.

Maji. Visima vingi vya eneo hili vimechimbwa kwenye miamba ya chokaa na dolomiti, na maji yake ni magumu. Bila kilainishi, magamba hujaa kwenye bomba, bomba linapata joto kupita kiasi na kupasuka. Pimeni ugumu kila zamu. Ni dakika mbili.

Mwinuko. Lubumbashi ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96. Pampu iliyochaguliwa kwa kitabu cha pwani, ikinyonya maji ya nyuzi 93 kutoka tangi lililo wazi, husikika kana kwamba ina kokoto ndani. Hazimo kokoto, maji yanachemka kwenye mdomo wa pampu. Inueni tangi mita 3 au 4 zaidi, au mpunguze joto lake.

Masizi. Jenereta inayoendeshwa chini ya nusu ya mzigo hutema masizi, nayo hukaa kwenye boila ya moshi na siku moja yakawaka. Wekeni njia ya kupitisha moshi pembeni, na msafishe kwa ratiba. Boila pia huongeza mgandamizo nyuma ya injini. Ulizeni mtengenezaji wa injini kikomo cha mgandamizo huo kabla ya kuchagua boila, si baada ya kuifunga.

Delestaji ikitokea ghafla?

Pampu ya maji ikisimama huku gesi bado ni moto, boila inakauka kwa dakika chache. Pampu ya pili iendeshwe na mvuke wenyewe, au na jenereta inayowaka yenyewe. Jaribio lifanyike kila mwezi kwa kuzima swichi kweli, si kwa kusaini fomu.

Tufunge mita gani?

Ya mtiririko wa mvuke, ya joto na shinikizo pale pale, ya joto la maji yanayorudi, na mita ya umeme unaotoka pamoja na unaotumiwa na mtambo wenyewe. Kila lita ya mazutu ya kuwashia ihesabiwe na kutolewa. Mita ya mvuke inahitaji bomba lililonyooka mbele yake. Ikifungwa kando ya kona itadanganya, na mhakiki atapunguza krediti kwa upande unaowaumiza ninyi. Cheti cha urekebishaji wa mita, kinachoonyesha kwamba inasoma sawasawa, kikipitwa na tarehe, data za kipindi hicho hukatwa. Wekeni mita ya akiba yenye cheti kabatini, kwa sababu kuipeleka nje na kuirudisha huchukua wiki nyingi.

Kiwanda kidogo cha sabuni au mikate kinaweza?

Peke yake hapana, gharama za karatasi zitakimeza. Kinaweza kuingia kwenye mpango wa pamoja wa viwanda kadhaa chini ya mratibu mmoja, kama kila kimoja kinapima vizuri.

Data tunazihifadhi muda gani?

Chini ya kanuni za CDM, miaka 2 baada ya kipindi cha mwisho cha krediti kwisha. Nakala moja isikae kwenye kompyuta ya chumba cha udhibiti, kwa sababu hiyo ndiyo ya kwanza kuungua umeme unaporudi kwa kishindo.